Polima Iliyowahukumu Ngege wa Nereah

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi mwaka 2025, kanisa dogo la Kirewa, ambamo sisi watu wazima hujifunza kusoma na kuandika, lilipewa heshima ambayo halikuwa limeiomba. Lilichaguliwa kuwa mahali ambapo sayansi ingekutana na samaki. Ilikuwa Alhamisi ya Kwaresima, siku ambayo kila nyumba ya Mkatoliki kutoka Merikit hadi Malaba hutafuta kitoweo cha Ijumaa. Kwa kumharibia jina mwuza samaki hapakuwa na siku bora zaidi, na walioipanga shughuli hiyo wanastahili pongezi kwa kuona mbali.

Sayansi hiyo ililetwa na binti yangu Athieno. Anasoma kemia katika chuo kikuu, ile shahada ya tatu ambayo majirani huniuliza kila Krismasi kama bado haijaisha, na kazi yake ni kubuni polima. Jerikeni la maji ni polima, lakini jerikeni halipitishi umeme hata ulibembeleze. Polima za Athieno hupitisha umeme zikiruhusiwa, na zisiporuhusiwa hukataa. Kwa tabia hiyo ya kigeugeu wataalamu wamezipa jina la heshima, nusu-vipitishi. Huyeyushwa zikawa wino wa kijani kibichi, wino ukachapwa juu ya kipande cha plastiki, ukakauka na kuwa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando huo ndio unaotengeneza transista, yaani kilango cha umeme kinachofunguka na kufunga.

Haya sikuyaelewa kwa siku moja. Niliyaelewa Malaba, wiki moja kabla ya shughuli yenyewe, tulipokwenda kumwona dada yangu upande wa Kenya, tukasimama kando ya foleni ya malori ambayo mwisho wake haukuonekana.

"Mama, unayaona malori haya?" Athieno aliniuliza.

"Nayaona tangu nilipoolewa. Mengine nadhani ni yale yale."

"Basi molekuli ya polima ni foleni kama hii, kila lori limefungwa kwa lenzake. Na wale wachuuzi wanaoruka na ndizi kutoka lori hadi lori, hao ndio umeme. Malori yakikaribiana, mchuuzi anaruka. Yakiachana, anabaki anatazama."

"Na kazi yako ni ipi? Kuuza ndizi?"

Alicheka. "Kazi yangu ni kupanga malori. Kila lori nalitundikia kamba ubavuni, vijinyororo vya pembeni. Vikiwa virefu sana, malori yanasukumana mbali na umeme unakwama. Vikiwa vifupi sana, polima inagoma kuyeyuka, inabaki mabonge kama uji wa mvivu, na wino haupatikani. Nimebuni, nimepika, nimetupa, nikabuni tena. Hii ya sasa imenichukua miaka mitatu."

"Na samaki wanaingiaje katika foleni?"

"Samaki akianza kuoza hutoa hewa kali, ndugu zake amonia. Hewa hiyo ikigusa utando wangu, ni kama askari amekuja kuwakamata wachuuzi. Umeme unapungua, na simu inaonyesha rangi. Kijani, samaki ni mzima. Njano, mle leo. Nyekundu, mzike."

Nilimwelewa barabara. Serikali mbili zimetusomesha foleni bila ada tangu utotoni. Mtu wa mpakani asiyeielewa foleni ni mvivu tu wa kufikiri.

Jambo moja alilisema kwa sauti ya chini. Profesa wake alikuwa na wanafunzi wawili wa polima, yeye na kijana anayeitwa Arnold, na nafasi ya kupeleka polima kwenye mashine kubwa ya kuchapia ng'ambo ilikuwa moja tu. Ikiwa jaribio la Kirewa lingefaulu mbele ya macho ya profesa, nafasi ingekuwa ya Athieno.

Darasa letu liliposikia kwamba profesa anakuja, masomo yalisimama. Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi vumbi. Hupokelewa kwa sakafu mbichi, na sakafu ya kanisa letu ni ya udongo. Ariokot, kiranja wetu, mwanamke ambaye hata Katekista Odoi humwomba ruhusa kabla ya kukohoa, aligawa kazi. Tulichota samadi mbichi zizini kwa jirani yetu Abbo, ikiwa bado inatoa mvuke, tukaichanganya na udongo wa kichuguu. Ariokot akaongeza majivu ya maganda ya maharagwe, karai zima, maana majivu huipa sakafu rangi ya kijivu inayong'aa kama saruji ya watu wenye uwezo. Tulisiriba Jumatano asubuhi, tukasiriba Jumatano jioni, na Alhamisi alfajiri tukamalizia kwa vidole tukichora yale mawimbi yetu kutoka mlangoni hadi altareni. Kisha tukafunga madirisha yote kwa mbao na mlango kwa komeo, kuku na mbuzi wasije wakatia sahihi juu ya kazi yetu. Jengo likakaa hivyo, limefungwa kama mtungi wa pombe unaochachuka, mpaka wageni walipofika karibu na adhuhuri.

Profesa Engole ni Mteso, mzaliwa wa upande huu huu wa dunia. Alipovuka kizingiti alisimama, akafumba macho, akavuta pumzi hadi vifungo vya shati vikalalamika.

"Aaa! Harufu ya nyumbani," alisema. "Jamani, mnanikumbusha mama yangu."

Tulipiga makofi. Athieno naye alikuwa amezaliwa juu ya sakafu kama ile, akatambaa juu yake na kula vipande vyake, kwa hiyo pua yake haikuwa na neno lolote jipya la kumwambia.

Mwenyekiti Obore alikaa kiti cha mbele. Huyu anauongoza umoja wa wauza samaki wa masoko ya Busia na Tororo, na umoja huo ndio uliokuwa ukitarajiwa kukitumia kifaa. Ni mtu mwenye kipawa: hawezi kuona umati bila kuuhutubia. Alizungumza juu ya usafi, juu ya maendeleo, juu ya safari yake ya Kampala, na akarudi tena kwenye usafi kwa njia ya safari ya Kampala. Kifaa kilikuwa mezani ndani ya mfuko wake usiopitisha hewa, na juu ya mfuko mtu alikuwa amefunga utepe mwekundu.

Athieno alisogea akainama kwa adabu. "Mwenyekiti, samahani. Naomba nikitoe kifaa mapema kidogo, kizoee hewa ya humu."

"Kizoee?" Obore aligeuka. "Binti, kitu haijafunguliwa rasmi, utakifungua namna gani?"

"Ni dakika chache tu, nipate kipimo cha hewa tupu kabla ya samaki. Nilichonacho ni cha asubuhi, kule hoteli ya Tororo nilikolala."

"Hewa ya Tororo na hewa ya Kirewa ni ya wilaya moja. Mgeni wa heshima ndiye nafungua. Sasa ukifungua wewe, yeye atafungua nini? Mlango?"

Watu wakacheka. Athieno akamtazama profesa wake, mtu mwenye vitabu viwili juu ya jinsi ya kupima vitu. Profesa akatabasamu na kusema, "Tufuate itifaki, Athieno." Itifaki ikafuatwa. Mkasi ukatafutwa, haukupatikana, utepe ukakatwa kwa kisu cha mihogo, na hotuba nyingine ikafuata kuushukuru mkono uliokata.

Kisha Nereah akaingia na samaki.

Nereah ni Msamia wa Busia. Huwachukua ngege wake, wale sato wa ziwani, ufukweni Majanji kungali kiza, huwalaza kwenye barafu, na kabla jua halijakaza hupanda bodaboda akiwa amelipakata beseni kama mtoto mchanga. Amekuwa akituletea samaki Kirewa kwa miaka mingi, na Kwaresima ndiyo mavuno yake. Athieno ndiye aliyemwomba aje, kwa sababu alihitaji samaki ambao kila mtu anajua ni wazima.

"Chukueni yeyote," Nereah alisema akilitua beseni kwenye benchi. "Hata huyu anayenikodolea macho. Nilimwambia atapimwa na profesa, akafa kwa furaha."

Alipokuwa akipita katikati ya benchi, Akumu, mke wa katekista, alikuwa amemshika mkono. "Dada, niwekee wawili wakubwa wa kesho."

Athieno alikitoa kifaa kwenye mfuko wake, akakishika juu ya ngege wa kwanza, upana wa vidole viwili, kama ilivyotakiwa. Sote tulikuwa tukiitazama simu iliyoegemezwa kwenye kinara cha mshumaa. Kijani. Halafu njano. Halafu, bila hata kuomba radhi, nyekundu.

"Ngoja nirudie," Athieno alisema. Samaki wa pili: nyekundu. Wa tatu hakusubiri hata kufikiwa vizuri.

Hapo niliona jambo ambalo sijalisoma bado katika kitabu chochote cha darasa letu. Niliona pua za watu zikipokea maagizo kutoka kwa simu.

"Mimi tangu huyu ameingia nimesikia kitu," alisema Akumu, akiziba pua kwa kitambaa.

"Akumu!" Nereah aligeuka. "Si ni wewe sasa hivi umeniambia nikuwekee wawili wakubwa?"

"Nilikuwa na mafua."

"Yameisha saa ngapi?"

"Hata macho yao," alisema Katekista Odoi kwa huzuni, "yanatazama vibaya."

"Ni samaki, Katekista! Ulitaka wakutazame vipi? Wakukonyeze?" Nereah alimwinua ngege mmoja, akafungua shavu kwa kidole gumba. "Njooni hapa, wote. Bonyezeni nyama, inarudi. Tazameni ndani ya shavu, ni nyekundu kama damu ya leo!"

"Umesikia?" Mwenyekiti Obore aliuambia umati. "Simu nasema nyekundu, na yeye mwenyewe nasema nyekundu. Wanakubaliana."

Hoja hiyo ilipokewa kwa miguno ya kuridhika. Obore akasimama, akalikung'uta koti. Alitangaza kwamba afya ya umma ni kitu kikubwa kuliko urafiki, na kwamba kuanzia saa hiyo Nereah hataweka beseni katika soko lolote la umoja, si Busia, si Tororo, si Malaba, mpaka hapo itakapoamuliwa vingine. Akaagiza samaki wazikwe.

"Obore, katikati ya Kwaresima?" Nereah alisema. Sauti yake, ile inayowaita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, ilikuwa imepungua. "Mimi nafanya kazi hii tangu mama yangu aliponiachia beseni. Taja mtu mmoja aliyeumwa tumbo kwa samaki wangu. Mmoja tu."

Hakutajwa hata mmoja, lakini simu tayari zilikuwa juu. Watu walipiga picha ya kioo chekundu, wakapiga picha ya uso wa Nereah, wakaziunganisha, wakazituma. Nina hakika Malaba waliwajua samaki wale kuwa wameoza kabla beseni halijatoka kanisani.

Mwenye furaha kuliko wote alikuwa Profesa Engole. "Ajabu! Ajabu kabisa! Mwitikio huu ni mkubwa kuliko wa maabara!" Alimshika Athieno bega mbele ya watu wote. "Nimeona ya kutosha. Polima inayokwenda ni hii." Makofi yakapigwa. Darasa langu likanigeukia mimi, mama mzazi, nikapongezwa kwa mikono miwili, na Ariokot akanikumbusha kwamba sakafu nayo ilichangia. Hakujua alichokuwa akikisema.

Binti yangu hakuwa akicheka. Alikuwa akiitazama simu. Kisha akachukua kifaa na simu, akatoka nje kwa mlango wa nyuma kama mtu anayekwenda haja, nami nikamfuata.

Nje palikuwa na upepo uliotokea upande wa Mwamba wa Tororo. Athieno alisimama kando ya baiskeli za wanakwaya, kifaa mkononi, na kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu rangi ikaanza kupanda polepole: nyekundu, njano, kijani. Vijana wawili walikuwa wakipita na beseni kwenda kwenye shimo. Athieno akamtwaa ngege mmoja juu juu.

"Mama, nishikie mkia."

Nilishika mkia. Kijani. Tulisubiri. Kijani. Akachukua mwingine, kijani. Akanipa samaki wote wawili, akatembea peke yake hadi mlangoni, akaunyoosha mkono ndani ya kanisa bila samaki yeyote karibu. Njano. Nyekundu.

Aligeuka akanitazama. "Mama, mmesiriba lini?"

"Jana mara mbili, na leo alfajiri. Kwa ajili yenu."

"Mmechanganya na nini?"

"Samadi, udongo, na majivu ya Ariokot. Karai zima."

"Majivu," alisema, akafumba macho. "Majivu huitoa amonia kwenye samadi na kuifukuzia hewani. Na madirisha?"

"Tulifunga. Kuku wangetuharibia urembo."

Alicheka, lakini ni ile sauti ambayo watu huitoa matangani, ukashindwa kujua umpe maji au umshike. "Miaka mitatu nimeijaribu polima hii kwa joto, kwa mvuke, kwa moshi, kwa manukato, kwa jasho la mikono. Sikuijaribu kwa heshima."

Nilikuwa nimesimama na ngege kila mkono, sina hata pa kujifutia uso.

"Nikinyamaza?" aliniuliza.

"Profesa amefurahi, na furaha ya maprofesa nasikia ni kitu adimu. Ukinyamaza utakuwa daktari, na Nereah atakuwa hadithi ya kutishia watoto."

"Na nikisema?"

"Profesa atakasirika. Mwenyekiti atakasirika. Darasa langu zima litakasirika kwamba umeitukana sakafu yetu. Utakuwa umeiunganisha Kirewa kuliko mwanasiasa yeyote."

"Mama, nakuuliza kweli."

"Nami nakujibu kweli, mwanangu. Mimi nimejifunza kusoma majuzi tu. Lakini tazama kule."

Kule shimoni vijana walikuwa wameshachimba hadi magotini. Nereah alikuwa amewafuata. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili, mmoja wa vijana ameshika upande wa pili akimbembeleza, "Mama, achia basi, ni amri," naye haachii. Athieno aliwatazama hivyo kitambo. Kisha akafuta mikono kwenye sketi yake ya shughuli, akarudi ndani, akapanda mbele ya altare bila kumwomba mwenyekiti ruhusa.

"Ndugu zangu, naomba radhi," alisema. "Samaki wa Nereah ni wazima. Polima yangu ndiyo imekosea."

"Mashine haikosei," Obore alimsahihisha kwa upole. "Ni watu nakosea."

"Mashine hii nimeitengeneza mimi, Mwenyekiti, na mimi ni mtu." Alikinyanyua kifaa hewani, juu ya kichwa chake. Simu, aliyoirudisha kwenye kinara, ikageuka nyekundu. "Hapa hakuna samaki. Wameshatoka."

"Harufu yao imebaki," alisema Akumu.

Athieno aliwaomba watoke nje wote. Walitoka, maana hakuna anayekataa tamasha. Aliwapima ngege watano mbele yao, hewani, simu ikiwa imeinuliwa wote waione, beseni likiwa bado mikononi mwa Nereah. Kijani, watano wote.

"Huku kuna upepo," Katekista Odoi alieleza. "Umewasafisha."

Nadhani hapo ndipo subira ya mwanangu ilipokatika. Alikwenda kwenye ndoo yetu ya kusiribia, iliyokuwa na mabaki ya asubuhi, akakiinamisha kifaa juu yake. Nyekundu, tena kwa kasi kuliko samaki yeyote aliyewahi kuzaliwa ziwani.

"Amonia inatoka hapa," alisema. "Samadi na majivu, ndani ya nyumba iliyofungwa. Utando wangu haujui tofauti kati ya sakafu nzuri na samaki mbaya. Niliubuni uikamate hewa hiyo popote ilipo, sikuubuni uulize imetoka kwa nani."

Ariokot alisogea mbele, mikono kiunoni. "Kwa hiyo unasema sakafu yetu imeoza?"

"Hapana, shangazi. Sakafu ni nzuri sana."

"Basi kwa nini unaipima kama maiti?"

Kabla hajajibiwa, Profesa Engole alimvuta binti yangu kando, nami niliwasikia. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kutuma ujumbe wa furaha kwa wafadhili, sasa anautazama ukiwa umesomwa.

"Ungeniambia mimi kwanza, pembeni."

"Tungekwenda pembeni, Profesa, samaki wangekuwa wamezikwa."

"Unajua maana yake. Itabidi iende ya Arnold."

"Najua. Yake imejaribiwa na samadi?"

"Haijajaribiwa na kitu chochote nje ya maabara," profesa alisema, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Na ndiyo sababu polima ya Arnold haijawahi kushindwa.

Ilibaki hukumu ya Nereah. Mwenyekiti Obore alieleza kwamba anaelewa sayansi ilivyobadilika, lakini tangazo lilikwishatolewa mbele ya mgeni, na tangazo likishatolewa halirudishwi mdomoni kama tonge. Alipendekeza kamati ndogo, ikutane baada ya Pasaka.

"Baada ya Pasaka?" Nereah alisema. "Na hawa niwaambie nini? Wavumilie?" Akalitua beseni chini, akaketi kando yake. "Nileteeni moto na mafuta. Anayesema wameoza ale, afe, tumalize kesi."

Moto uliletwa kutoka jikoni kwa Abbo. Ngege wakakaangwa pale pale, na hapo sasa harufu ilipatikana kwa kila pua bila msaada wa simu. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Watu walisimama duara wakitazamana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kuwa shujaa. Athieno alikaa chini, kwenye majani, akapokea samaki wa kwanza kutoka mkononi mwa Nereah. Alimla mbele ya umati, taratibu, nyama, ngozi, mashavu, akanyonya hata mifupa ya kichwa, na watu wakimtazama kama wanaotazama penalti. Mimi nilikuwa wa pili. Ariokot akala wa tatu, kwa hasira, akisema anakula kwa ajili ya Nereah, si kwa ajili ya yule mtoto anayetukana sakafu za watu. Profesa alikula mkia. Mwenyekiti aliomba kipande cha katikati kwa niaba ya kamati, akakitafuna akitazama mbinguni, na alipoona bado yu hai akatangaza kwamba katazo limesitishwa kwa muda. Akumu, ambaye mafua yake yalikuwa yamerudi, alikula wawili, wakubwa.

Ningependa kuishia hapo, watu wameshiba na haki imetendeka. Lakini kesho yake, Ijumaa, nilikwenda Busia na kumkuta Nereah ameketi nyuma ya beseni lililojaa, wenzake kushoto na kulia wakiuza mpaka wa mwisho. Mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Kenya na kikapu alikuwa akimwinamia ngege. Mwenzake akamvuta kanga. "Si huyu ndiye wa ile picha?" Wakaenda. Wote wana ile picha nyekundu. Ya kijani hakuna aliyeipiga, ingawa simu zilikuwepo zote na jua lilikuwa zuri. Samaki mzima si habari.

Nereah hakunilaumu. Alisema tu, "Mama Athieno, mtoto wako alinisimamia. Lakini maneno yake hayakuvuka barabara."

Athieno amerudi maabara. Sasa anabuni polima mbili za kukaa bega kwa bega, zenye vijinyororo tofauti, moja iinuse sakafu na nyingine samaki, kisha zishindane. Nimemuuliza kama itawezekana, akaniambia hajui, na nikaona kwamba katika shughuli nzima hilo ndilo neno la kwanza la kitaalamu nililolisikia. Ya Arnold imeshapanda ndege.

Mimi sina picha ya kutuma. Nina karatasi hii tu, nimeiandika kwa mkono wangu na kuirudia mpaka ikanyooka. Wewe uliyeisoma, usikae nayo. Mpe jirani yako, mpe dereva wa lori aliyekwama Malaba, maana yeye ana muda, mpe hasa yule mwenye ile picha kwenye simu yake, na umwombe naye ampe mwingine, mpaka imfikie yule mwanamke wa kikapu. Nereah yuko sokoni Busia, mstari wa samaki, na ngege wake ni wazima.